Mwendokasi uwajibike pia kwa madiwani wa Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, limepewa uzito mdogo mno katika mjadala mrefu wa mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, maarufu kama mwendokasi. Tumejadili uchache wa mabasi, tumejadili tiketi na kadi, tumejadili mwekezaji huyu na yule, na kila baada ya muda tumejadili nani aondolewe na nani ateuliwe. Ambacho hatujakijadili vya kutosha ni nani, miongoni mwa watu tuliowachagua wenyewe katika kata zetu, mwenye mamlaka ya kuwaita viongozi wa huduma hii, kuwataka watoe maelezo na takwimu, na kuwaita tena baada ya miezi mitatu ili waeleze walichoahidi kimefikia wapi. Kwa utaratibu uliopo leo, hayupo.

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 baadhi ya abiria waliochoka kusubiri katika njia ya Kimara walifikia hatua ya kuyapiga mawe mabasi. Kitendo hicho hakiteteeki, maana basi linalovunjwa kioo leo ni basi linalopungua kesho. Serikali ilichukua hatua haraka: viongozi wakuu wa wakala wa Serikali unaosimamia huduma hii na wa kampuni inayoendesha mabasi hayo walibadilishwa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaelekeza kwamba sehemu ya mabasi mapya yaliyoandaliwa kwa ajili ya njia ya Mbagala yapelekwe kusaidia Kimara. Wengi walipongeza, na abiria waliokuwa vituoni walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tuitazame hali hiyo kwa utulivu. Nchi yenye halmashauri 184 kwa upande wa Bara peke yake imelazimika kumtumia Waziri Mkuu ili kupanga basi lipi liende njia ipi katika jiji moja. Huo ni ushahidi kwamba ngazi zote zilizo chini yake ama hazikuwa na mamlaka, ama zilikuwa nayo na hazikuulizwa na mtu yeyote.

Tuziangalie ngazi zenyewe. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, yaani DART, ulianzishwa mwaka 2007 kama wakala wa Serikali Kuu, na unawajibika kwa TAMISEMI, wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, Dodoma. UDART, kampuni iliyoendesha mabasi ya awamu ya kwanza tangu siku ya kwanza, ina hisa za Serikali zinazosimamiwa na Msajili wa Hazina. Nauli na leseni ni kazi ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Ujenzi wa njia husimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara kuu. Hesabu hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na taarifa zake husomwa na kamati za Bunge, tena mara nyingi zikiwa zinahusu mwaka wa fedha uliokwisha kupita. Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, ambalo kazi yake, kama lilivyo jina lake, ni kushauri. Kila kimoja kati ya vyombo hivi kina sababu halali ya kuwapo na kina watumishi wanaofanya kazi yao kwa bidii. Hata hivyo, hakuna hata kimoja ambacho mkazi wa Kimara Korogwe, Magomeni Mapipa au Mbagala Rangi Tatu anaweza kukiadhibu au kukituza kwa kura yake kwa sababu ya basi lililofika ama lisilofika.

Mkazi huyo anaye diwani. Diwani anajua msongamano ulivyo saa kumi na mbili asubuhi, anajua ni mabasi gani ya mlisho, yale yanayowaleta abiria kwenye njia kuu, yaliyoacha kuja mtaani, na huenda hata yeye alibanwa mlangoni juzi. Akienda kwenye Baraza la Madiwani anaweza kuuliza kuhusu soko, zahanati, madarasa na taka. Akiuliza kuhusu mwendokasi atajibiwa na mkurugenzi wa halmashauri, kwa lugha ya heshima, kwamba suala hilo liko nje ya mamlaka ya halmashauri na litawasilishwa kwa wahusika. Barabara za mitaa zenyewe zilikwisha kuhamishiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, kwa hiyo hata shimo lililo mbele ya kituo cha mabasi ya mlisho halimhusu tena mkurugenzi huyo moja kwa moja.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Wazo la mabasi yaendayo haraka lilianza kushughulikiwa ndani ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Kleist Sykes akiwa meya, na mfano uliotazamwa ulikuwa TransMilenio, mfumo wa mabasi wa Bogotá nchini Colombia, ulioanza Desemba 2000 chini ya meya wa jiji hilo, Enrique Peñalosa. Tulipouchukua mfano ule tulichukua vitu vinavyoonekana: njia ya katikati ya barabara, vituo vilivyoinuliwa, kulipa kabla ya kupanda, mabasi marefu yenye mkunjo. Kilichobaki Bogotá ni uhusiano wa kampuni ya mabasi na jiji lenyewe. Kule TransMilenio ni kampuni ya jiji, na baraza lililochaguliwa na wakazi lina mamlaka ya kuwaita viongozi wake na kuwahoji hadharani. Hapa kwetu, ilipofika mwaka 2007, mradi ulihamia katika wakala wa Serikali Kuu. Sababu zilikuwapo, hasa uzito wa mikopo ya Benki ya Dunia ambayo Serikali Kuu ndiyo mkopaji wake, lakini hakuna daraja lililoachwa kati ya wakala huo na baraza la jiji.

Baadaye hata baraza lenyewe likaondoka. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikiratibu mambo yanayovuka mipaka ya manispaa ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Leo tunazo halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Basi linalotoka Kimara kwenda Kivukoni huanzia Ubungo, hupita Kinondoni na kuishia katika eneo la Jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huu, na watu wote hao hawana chombo kimoja cha kuchaguliwa kinachoitazama huduma ya usafiri kuanzia mwanzo wa njia hadi mwisho wake.

Nina hakika wasomaji wengine watanikumbusha UDA, na wana haki. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, lililoundwa mwaka 1974 baada ya kampuni ya awali kutaifishwa, lilikuja kuwa mali ya Jiji kwa asilimia 51 na Hazina kwa asilimia 49. Uuzaji wa hisa zake kwa kampuni binafsi mwaka 2011 ulizaa mgogoro uliozunguka kwenye vikao vya madiwani na Bunge kwa miaka mingi. Kwa mtu anayeikumbuka habari ile, kusikia kwamba madiwani wapewe tena nafasi katika mabasi ni kama kumkabidhi fisi bucha. Hofu hiyo naielewa, na ndiyo maana sipendekezi halmashauri zimiliki hata basi moja, wala ziajiri dereva, wala zishiriki katika zabuni. Halmashauri iliyokuwa na hisa katika UDA ilikuwa mmiliki na msimamizi kwa wakati mmoja, na mmiliki anayejisimamia mwenyewe hana wa kumwogopa. Chombo ninachokizungumzia kiwe na kazi ya kuuliza, kupokea taarifa, kuitangaza na kuipeleka panapostahili.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza peke yake hakuleti basi. Nadhani historia fupi ya mwendokasi inaonyesha vinginevyo, na mfano wangu wa kwanza ni Jangwani. Mvua za Desemba 2011 zilileta mafuriko makubwa jijini, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande kwa kuwa Serikali ilikiri kwamba bondeni si mahali pa kuishi watu. Miezi michache baadaye, mwaka 2012, ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza, na karakana ya mabasi ikawekwa katika bonde lilelile. Matokeo tunayajua. Maji yameingia katika karakana ile zaidi ya mara moja, mabasi yameharibika, na kila mvua kubwa inapokatisha Barabara ya Morogoro pale Jangwani huduma husimama na abiria hugeuzwa njiani. Sasa tunajenga daraja jipya la Jangwani kwa fedha za mkopo, ndani ya mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ili kurekebisha kilichokuwa kikijulikana. Sidai kwamba wataalamu hawakuwa na hoja zao za kuchagua eneo lile. Ninachosema ni kwamba diwani wa Kigogo au wa Magomeni, ambaye wapiga kura wake walikuwa wamehamishwa na maji mwaka uliotangulia, angeuliza swali hilo katika kikao cha kwanza, na mtu angelazimika kumjibu kwa maandishi.

Mfano wa pili ni idadi ya mabasi. Huduma ilianza Mei 2016 ikiwa na mabasi 140, wakati mpango wa awamu ya kwanza ulihitaji 305. Pengo hilo lilielezwa kuwa ni la kipindi cha mpito. Mwaka 2018 yaliletwa mabasi mengine 70, yakakwama kwa muda mrefu kutokana na mvutano wa kodi, huku abiria wakibanana katika mabasi yaliyokuwa yakizeeka kila siku. Mvutano ule ulihusu kampuni, mamlaka ya mapato na wakala, na pande zote hizo zingeweza kuonyesha barua zinazothibitisha kwamba tatizo halikuwa kwao. Huenda ni kweli. Lakini hakukuwa na kikao cha wazi, katika jiji ambalo mabasi hayo yalikuwa yakihitajika, ambapo wote hao wangekaa meza moja na kuulizwa lini yatatoka. Huduma ya mpito iliyotarajiwa kudumu kwa takriban miaka miwili ikaendelea kwa karibu muongo mmoja, na sikumbuki siku ambayo wakazi waliombwa maoni kuhusu kuendelea kwake.

Kuna sababu nyingine inayolipa suala hili uzito wa pekee. Mwendokasi ulipoanza, daladala zilizokuwa zikienda katikati ya jiji kwa njia ya Kimara ziliondolewa, ili njia mpya ipate abiria wa kutosha na barabara ipungue msongamano. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini Serikali inapomwondolea abiria hiari ya kupanda gari jingine, inajitwisha deni la maelezo ambalo mwenye daladala hakuwa nalo. Abiria wa daladala aliyechoshwa na gari moja alipanda la nyuma yake. Abiria wa mwendokasi aliyechoshwa na kusubiri ana bodaboda, kama anayo nauli yake, au ana miguu. Kwa hiyo hoja kwamba kampuni za mabasi zinajisimamia kwa ushindani wa soko haina nguvu hapa, kwa kuwa katika njia hizi soko lilifungwa kwa amri.

Nimewahi kusikia pia hoja kwamba DART tayari iko chini ya serikali za mitaa, kwa kuwa iko TAMISEMI. Hoja hii inachanganya wizara na halmashauri. TAMISEMI ni Serikali Kuu. Waziri wake huteuliwa na Rais na ana nchi nzima ya kuitazama, kuanzia walimu wa shule za msingi hadi vituo vya afya. Katiba yetu, katika ibara ya 146, inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Sioni madaraka yaliyopelekwa kwa mwananchi ikiwa huduma inayoamua saa atakayofika kazini kila siku husimamiwa kutoka Dodoma, na diwani wake huisikia redioni sawa na yeye.

Ninalopendekeza si geni. London, ambako meya ndiye mwenyekiti wa mamlaka ya usafiri, Baraza la London lililochaguliwa lina kamati ya usafiri inayowahoji wakuu wa mamlaka hiyo hadharani, na kipo pia chombo cha kisheria cha kuwatetea abiria kinachogharamiwa na baraza hilohilo. Hatuhitaji kunakili muundo wa London. Tunahitaji kamati ya pamoja ya madiwani wa halmashauri tano za Dar es Salaam, itakayotambuliwa kwa kanuni atakazotunga waziri mwenye dhamana, na itakayopewa mamlaka ambayo wakala hauwezi kuyakwepa kwa barua ya heshima.

Kwanza kabisa, DART iwajibike kuwasilisha kwa kamati hiyo taarifa ya kila robo mwaka, itakayowekwa wazi kwa umma siku hiyohiyo. Taarifa hiyo isiwe ya kurasa za picha za uzinduzi. Ieleze kwa kila njia ni mabasi mangapi yalipangwa kutoka asubuhi na mangapi yalitoka kweli, muda wa kusubiri ulikuwa kiasi gani wakati wa msongamano, mabasi mangapi yako karakana na kwa sababu gani, na mapato yaligawanywaje kati ya wakala na mtoa huduma. Takwimu hizi zipo tayari au zinapaswa kuwapo, kwa kuwa mtoa huduma anayelipwa kwa mujibu wa mkataba hawezi kulipwa bila kuhesabiwa. Muhtasari wa kila mkataba nao uwekwe wazi, hususan kifungu kinachoeleza mtoa huduma atakatwa kiasi gani asipotimiza idadi ya safari. Najua jibu litakalotolewa, kwamba mikataba ni siri ya biashara. Bei ya vipuri inaweza kuwa siri ya biashara. Idadi ya mabasi ambayo abiria ameahidiwa haiwezi kuwa siri kwa abiria.

Jingine ni nafasi katika Bodi ya Ushauri ya wakala. Wajumbe wake wasitoke katika wizara na taasisi peke yake. Wawepo angalau wawili waliopendekezwa na mabaraza ya madiwani, na wawe na wajibu wa kurudi kwenye mabaraza hayo kutoa mrejesho. Malalamiko nayo yapokelewe kwa kata, kupitia ofisi ya mtendaji wa kata, ambayo karibu kila mkazi anajua ilipo, kisha yajumlishwe na kujibiwa katika taarifa ya robo mwaka. Mzee anayetumia fimbo, mama mwenye mtoto mgongoni na mwanafunzi anayeachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo hawawezi wote kutegemea mtandao wa kijamii ili wasikike. Kamati ikibaini kwamba masharti ya leseni yamevunjwa, ipeleke suala hilo LATRA, na LATRA iwe na muda maalumu wa kutoa uamuzi ulioandikwa.

Gharama ya haya yote ni posho za vikao vichache na kazi ya makatibu, kiasi ambacho kikilinganishwa na mkopo wa daraja moja hakistahili hata kutajwa. Ugumu halisi uko kwingine, nao ni utayari wa Serikali Kuu kuachia sehemu ya sauti yake, na uwezo wa madiwani wenyewe kusoma jedwali la takwimu bila kugeuza kikao kuwa jukwaa la kampeni. Kuhusu hilo la pili sina matumaini ya kupita kiasi; vikao vya mabaraza yetu tunavijua. Lakini uwezo wa kuhoji hujengwa kwa kuhoji, na diwani aliyenyimwa swali kwa karibu miaka 20 hawezi kulaumiwa kwamba hajui kuuliza.

Wakati unaofaa ni huu. Mwaka 2025 njia ya Mbagala ilianza kuhudumiwa na kampuni tofauti na ile ya Kimara, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tuna watoa huduma zaidi ya mmoja, na tunaweza kuwalinganisha. Njia ya Gongo la Mboto, ile ya kwenda Tegeta na nyingine zilizo katika mpango zitahitaji watoa huduma wao, kwa mikataba ya miaka mingi. Baadhi ya vituo viliharibiwa katika ghasia za mwishoni mwa Oktoba 2025 na vinahitaji fedha za kuvirejesha, na wakazi wana haki ya kujua fedha hizo zinatoka katika mfuko upi na kazi inafanywa kwa mpangilio gani. Kifungu cha kuwajibika kwa halmashauri ni rahisi kukiweka katika mkataba kabla haujasainiwa. Baada ya hapo mtoa huduma atasema, na atakuwa na haki, kwamba hakukubaliana nacho.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa madiwani wa Ubungo, Kinondoni, Temeke, Kigamboni na Jiji waliochaguliwa Oktoba 2025. Kanuni za kudumu za halmashauri zinamruhusu diwani kuwasilisha hoja, na mikutano ya Baraza iko wazi kwa wananchi. Wasisubiri waziri. Katika mkutano wa robo mwaka ujao, kila baraza lipitishe azimio la kuomba kuundwa kwa kamati ya pamoja, na liialike DART ije kueleza, njia kwa njia, mabasi mangapi yanatoka karakana kila asubuhi. Wakala ukikataa mwaliko huo, barua ya kukataa isomwe kikaoni na iingizwe katika kumbukumbu.

Wako,

Mkazi wa Kimara,
Dar es Salaam